Vipozeo viwili vya oili kwenye gari la saketi: maswali ya wasomaji

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo lilelile kwa namna tofauti: oili ya injini inapanda joto kupita kiasi kwenye saketi, kipozeo kimoja hakitoshi, sasa cha pili kifungwe vipi? Tumezijibu pamoja kwa kuwa majibu yanategemeana.

Habari zenu mafundi. Nina Subaru Impreza STI ya 2006 yenye injini ya EJ207, farasi kama 320. Nimefunga kipozeo cha safu 19 (za mirija ya oili) nyuma ya bampa, mbele ya tairi la kushoto. Baada ya mizunguko mitano au sita oili inafika nyuzi 135. Nataka kuongeza cha pili upande wa kulia. Niviunganishe mfululizo au sambamba? (Msomaji, Nairobi)

Salama. Kabla hujatoa hela ya kipozeo cha pili, hakikisha cha kwanza kinafanya kazi. Funga sensa mbili za joto, moja pale oili inapoingia kwenye kipozeo na nyingine inapotoka. Endesha mizunguko yako ya kawaida hadi joto litulie juu, kisha soma tofauti. Tukikadiria oili inayopita ni lita 40 kwa dakika, kila nyuzi moja inayoshuka ni sawa na joto la kilowati 1.2 hivi. Ukikuta oili imeshuka nyuzi 5 tu, kipozeo kinatoa kilowati 6, na hicho ni kiwango cha aibu kwa safu 19 zenye oili ya 130 ndani na hewa ya 25 nje. Hapo ugonjwa ni hewa. Ukiongeza cha pili chenye hewa mbovu vilevile, utakuwa umeongeza uzito na viungio vya kuvuja. Oili ikishuka nyuzi 15 au zaidi na bado geji inapanda, basi cha kwanza kimefika mwisho wa uwezo wake na cha pili kina kazi ya kufanya. Tofauti kubwa mno, tuseme nyuzi 40, nayo ni dalili mbaya: oili inapita kidogo, aidha thamostati (vali inayofungua njia ya kipozeo oili ikipata moto) haifunguki yote au kuna paipu iliyobanwa mahali.

Sasa swali lenyewe. Kwa gari lako tunashauri mfululizo, yaani oili itoke kwenye injini, ipite kipozeo cha kwanza, ivuke upande wa pili, ipite cha pili, ndipo irudi.

Sambamba inavutia ukiichora. Kila kipozeo kinapata nusu ya oili, na presha inayopotea ndani yake inapungua. Tatizo ni kwamba oili haigawanyiki kwa haki. Hufuata njia nyepesi. Paipu moja ikiwa ndefu kuliko mwenzake, au ikiwa na kona moja ya ziada, mgawo umeshaharibika. Hata ukianza na mgawo sawa, kipozeo chenye hewa nzuri hupoza oili yake zaidi. Oili ya W-40 iliyoshuka kutoka nyuzi 100 hadi 80 huwa nzito zaidi ya mara moja na nusu. Ikiwa nzito inapita kwa shida, ikipita kwa shida inakaa ndani muda mrefu, na ikikaa inazidi kupoa na kuwa nzito. Mwishowe kipozeo chenye hewa nzuri ndicho kinachokaa karibu bila kazi, na kile chenye hewa mbovu ndicho kinachopitisha oili yote ya moto. Kuna pia suala la hewa iliyonaswa. Povu likikwama kwenye kipozeo kimoja cha sambamba, oili ina njia nyingine na haina sababu ya kulisukuma. Kwenye mfululizo hakuna pa kukwepea.

Gharama ya mfululizo ni presha, na hapo ukubwa wa paipu ndio unaoamua. Chukua mita 4 za paipu, ambazo ndizo utakazohitaji kutoka kwenye filta hadi kushoto, kuvuka kulia na kurudi. Kwa lita 40 kwa dakika na oili yenye nyuzi 100, makadirio ya presha inayopotea kwenye paipu peke yake ni haya (AN ni saizi za paipu, namba kubwa ni paipu pana): AN-8 hula zaidi ya bar 2, AN-10 hula bar 0.8 hivi, AN-12 hula bar 0.3. Kona na vipozeo vyenyewe vinaongeza juu ya hapo. Kwa hiyo AN-8 isahau kabisa, na AN-10 ibaki kwa kipozeo kimoja chenye paipu fupi. Kwa vipozeo viwili funga AN-12 tangu mwanzo. Paipu kubwa kwa matundu madogo ya sandwichi pleti (bamba linalokaa kati ya injini na filta ili kutoa oili kwenda vipozeoni) haina maana, kwa hiyo angalia na hilo: pleti iwe na matundu ya kutosha kupokea fitingi ya AN-12 bila kipunguzio chembamba.

Pima presha kabla ya vipozeo na baada yake, oili ikiwa moto, injini ikiwa kwenye mizunguko 6000 kwa dakika. Tofauti ikizidi bar 1 tunarudi kutazama paipu na kona. Usitegemee geji moja tu, kwa sababu wengi hufunga sensa ya presha kwenye sandwichi pleti upande wa kabla ya kipozeo, na hapo itaonyesha presha nzuri wakati metali (beringi za ndani) za injini zinapata pungufu.

Vipozeo vyako vikiwa na hewa tofauti, tuseme kimoja kinapata hewa iliyokwisha kupashwa na intakula (kipozeo cha hewa ya turbo), oili ianze na hicho na imalizie kwenye kile chenye hewa safi. Oili ya moto kabisa bado ina kitu cha kuiachia hewa ya vuguvugu. Oili iliyokwisha kupoa haina.

Sambamba tungeikubali pale tu presha inapokataa hata kwa AN-12. Hapo vipozeo viwe pacha, matawi ya paipu yawe na urefu uleule, mgawanyo ufanywe kwa fitingi ya umbo la Y badala ya T, na kila kipozeo kiwe na sensa yake ya joto kwenye tundu la kutokea. Bila sensa hizo hutajua kamwe kwamba kimoja kimelala.

Angalizo la mwisho kwa EJ: filta yake iko chini ya injini, imezungukwa na ekzosi. Sandwichi pleti huishusha filta sentimita tatu au nne. Kabla ya kukaza chochote, angalia nafasi kati ya filta, ekzosi na bamba la chini. Uzi wa filta ni M20×1.5, usikubali pleti yenye uzi wa 3/4-16 wa Toyota eti "itaingia tu".

Huku pwani hakuna baridi. Nikiondoa thamostati nisipate hasara ya presha? Na kama ni lazima, kila kipozeo kiwe na yake? (Msomaji, Mombasa)

Moja inatosha kwa mzunguko mzima, na usiiondoe. Hewa ya Mombasa ya nyuzi 32 inayopigwa na gari la kasi 100 inaweza kuishusha oili chini ya 80 hata adhuhuri, hasa ukiwa na vipozeo viwili na unaendesha barabarani kuelekea kwenye mashindano. Chini ya nyuzi 80 maji na petroli vilivyochanganyika na oili havitoki kwa mvuke, na oili nzito hupandisha presha kabla ya vipozeo. Tafuta thamostati inayofunguka kati ya 80 na 85. Ile nzuri huruhusu sehemu ndogo ya oili kupita vipozeoni hata ikiwa imefungwa, ili ikifunguka isimwage ghafla oili baridi na hewa kwenye injini. Ukiwa na thamostati mbili kwenye mzunguko mmoja, siku ikigoma moja utatafuta tatizo mpaka uchoke.

Kiwango tunachokitaka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) ni nyuzi 90 hadi 110 wakati wa mbio, na kupanda hadi 120 kwa muda si msiba. Kila nyuzi 10 juu ya hapo oili huzeeka kama mara mbili ya kasi. Gari likikaa kwenye 130 siku nzima, oili hiyo imwagwe jioni hiyohiyo.

Naendesha Evo IX kwenye Dubai Autodrome. Kipozeo cha kiwandani kiko kulia mbele ya tairi, na nimeongeza cha safu 25 kushoto, nyuma ya ncha ya intakula. Cha kushoto hakishushi hata nyuzi 4. Niweke feni? (Msomaji, Dubai)

Feni husaidia gari likiwa limesimama au linatambaa. Kwenye kasi ya saketi feni iliyozimwa ni kizuizi, na hata ikiwaka haiongezi kitu cha maana. Dawa ni dakti, yaani mfereji wa kuelekeza hewa kwenye kipozeo, na hapa tutakaa kidogo kwa sababu ndipo kazi nyingi zinapoharibikia.

Hewa hupita kwenye kipozeo kwa sababu moja tu: presha ya mbele ni kubwa kuliko ya nyuma. Kipozeo kilichotundikwa nyuma ya bampa bila dakti kinapigwa na hewa, lakini hewa hiyo inazunguka pembeni. Kata tundu kwenye bampa lenye eneo la robo hadi theluthi moja ya uso wa kipozeo. Safu 25 za upana wa kawaida zina kimo cha kama sentimita 19. Kipozeo chenye uso wa sentimita 19 kwa 24 kina sentimita za mraba 456, kwa hiyo tundu liwe kati ya 115 na 150. Watu hushangaa kwamba ni dogo. Hewa inaingia kwa kasi, dakti inapanuka taratibu, kasi inapungua na presha inapanda, na hewa ya polepole yenye presha ndiyo inayopenya vizuri kati ya mapezi. Tundu likiwa kubwa kama kipozeo chenyewe, sehemu kubwa ya hewa hugeuka na kutokea mbele.

Kuta za dakti zisipanuke ghafla. Mteremko mpole, kama nafasi inaruhusu. Alumini ya milimita 1 inatosha, au plastiki ngumu. Ukingo unaogusa kipozeo uzibwe kwa sponji ya mpira isiyonyonya maji, pande zote nne. Mwanya wa sentimita moja kuzunguka kipozeo unaiba hewa nyingi kuliko unavyodhani, maana kupita hapo ni rahisi kuliko kupita kwenye mapezi.

Kutokea ndiko kunakosahaulika. Hewa iliyopashwa lazima iwe na pa kwenda, na tundu la kutokea liwe kubwa kuliko la kuingilia. Mbele ya tairi, toboa plastiki ya ndani ya madigadi na ufunge mapezi ya plastiki yanayotazama nyuma, ili yasipokee matope. Eneo hilo la ndani ya tao la tairi huwa na presha ndogo gari likienda kasi, kwa hiyo linavuta. Hewa isiachwe imwagike kwenye chumba cha injini, kwa kuwa itaipasha rejeta moto na kuinua presha hukohuko unakotaka ishuke.

Kwa gari lako, ama uhamishe kipozeo cha kushoto mpaka kitoke kabisa kwenye kivuli cha intakula, ama upunguze ukubwa. Safu 16 zenye dakti yake zitashinda safu 25 zilizojificha. Mbele yake weka wavu wa matundu ya milimita 6 hadi 10, kwa sababu kokoto ya tairi la mbele hutoboa mapezi. Mchanga wa Dubai nao hujaza mapezi. Puliza kwa kompresa kutoka nyuma kwenda mbele, kwa presha ndogo, usije ukayalaza.

Kwa wanaouliza kwa nini gari la rafiki yao wa Nairobi linachemka kama la Dubai ilhali Nairobi kuna hewa baridi: oili ya nyuzi 115 kwenye hewa ya 40 ina tofauti ya nyuzi 75, dhidi ya 90 kwenye hewa ya 25. Dubai anapoteza asilimia 17 hivi ya uwezo wa kipozeo. Nairobi, kwenye mwinuko wa kama mita 1,700, hewa ni nyepesi kwa asilimia 15 kuliko pwani. Wamekaribiana sana.

Fundi wa paipu za haidroliki hapa Gerezani anaweza kunibania paipu zote za Altezza yangu kwa bei ndogo kuliko za kuagiza. Zitafaa? (Msomaji, Dar es Salaam)

Fitingi zake huenda zikafaa. Mpira wake ndio wa kuuliza. Paipu za haidroliki za kawaida, aina ya R1 na R2, zimetengenezwa kwa joto la kudumu la nyuzi 100. Presha zinaiweza kwa mbali, lakini oili yako itakaa juu ya 100 kila mzunguko. Mpira utakauka, utapasuka kwa ndani na vipande vitaanza safari. Mwambie akutafutie paipu ya joto la nyuzi 150 na kuendelea, na asome maandishi ya ubavuni mbele yako. Fitingi za JIC za chuma anazouza zina kiti cha nyuzi 37 na uzi uleule wa AN: saizi 10 ni 7/8-14, saizi 12 ni 1 1/16-12. Ni nzito kuliko za alumini, lakini hazivunjiki.

Hatari ya kweli iko kwenye matundu ya kipozeo. Vipozeo vingi vina M22×1.5, vya zamani vya Uingereza vina 5/8 BSP, na fitingi ya AN-10 ni 7/8-14. Vyote vitatu vina kipenyo kati ya milimita 22 na 23. Kimoja kitaingia kwenye kingine mizunguko miwili mitatu halafu kitakaza, na fundi mwenye nguvu atamaliza kazi kwa spana ndefu. Umeua kipozeo. Tumia geji ya uzi, na kiungio kinachogeuza M22 kuwa AN kiwe na oringi au washa yake. Usizibe kwa tepu nyeupe, vipande vyake huishia kwenye njia za oili.

Paipu za kusukwa ukizikata mwenyewe, zungushia tepu mahali pa kukatia, kata kwa kisu cha grainda chembamba, kisha safisha ndani kwa petroli na hewa mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Uzi mmoja wa chuma ukibaki unatosha kukwaruza metali. Kaza kwa spana mbili, moja ishike kiungio cha kipozeo na nyingine igeuze nati. Acha ulegevu, kwa kuwa injini hucheza kwenye mauntini. Kila paipu inapopita kwenye bati pawe na mpira, na kipozeo kikae kwenye mipira yake, kisibebe uzito wa paipu.

Nimepata vipozeo viwili vya mtumba, vimetoka kwenye gari lililonoki injini. Vinaoshekaje? (Msomaji, Nakuru)

Havioshekeki. Chembe za metali hujificha kwenye kona za ndani na huachia oili ikipata moto na mtikisiko, si kwenye beseni la petroli. Kwenye sandwichi pleti oili hupita vipozeoni kwanza ndipo ifike kwenye filta, kwa hiyo kuna ulinzi kiasi, lakini filta ikiziba hufungua vali yake ya dharura na uchafu hupita. Ukitumia filta ya mbali, iweke baada ya vipozeo kwa sababu hiyohiyo.

Vyote vimefungwa. Naongeza oili kiasi gani, na nawasha vipi mara ya kwanza? (Msomaji, Arusha)

Safu 19 hubeba zaidi kidogo ya nusu lita. AN-12 hubeba kama lita 0.24 kwa mita, AN-10 lita 0.15. Vipozeo viwili na mita 4 za AN-12 ni lita 2.2 hivi juu ya kipimo cha kiwanda.

Jaza kila kipozeo kabla ya kukifunga, ukikiinamisha huku na huku mpaka povu liishe. Matundu yatazame juu, au ubavuni na oili iingilie tundu la chini. Yakitazama chini, hewa hukaa juu milele. Chomoa umeme wa injekta na koili, zungusha stata sekunde 10, pumzika nusu dakika, rudia mpaka geji ya presha inyanyuke. Ndipo uwashe. Iache ingurume taratibu dakika mbili ukikagua viungio kwa tochi, kisha mizunguko 2000 kwa dakika mpaka oili ivuke nyuzi 90 ili thamostati ifunguke. Zima, subiri dakika 5, soma kijiti, ongeza.

Asubuhi kijiti kinaweza kuonyesha oili imezidi. Usiimwage: imeshuka kutoka vipozeoni usiku. Pima siku zote ikiwa moto, dakika 5 baada ya kuzima. Oili ikizidi kweli, krankishafti huipiga povu na kuitapika kwenye bomba la kupumulia. Baada ya siku ya kwanza ya saketi badilisha filta, uikate na utazame karatasi yake juani.

Kipozeo changu cha zamani cha safu 10 kimebaki. Nikitumie kwa difu ya nyuma ya BMW M3 E46? (Msomaji, Kampala)

Unaweza, ikiwa hakijawahi kupitia injini iliyonoki. Difu haina pampu, kwa hiyo utahitaji ya umeme iliyotengenezwa kwa oili ya moto, angalau nyuzi 120. Vuta kutoka tundu la chini kwa paipu ya AN-8, pitisha kwenye chujio, kisha pampu, kipozeo, na urudishe tundu la kujazia kwa AN-6. Pampu iwekwe chini ya usawa wa oili ya difu au karibu nao, na chujio lije kabla yake, kwani meno ya difu hutoa chembe siku zote. Usiiwashe pamoja na injini: 75W-140 ikiwa baridi ni nzito mno, pampu itavuta umeme mpaka fyuzi iungue au mota ichemke. Funga swichi ya joto kwenye difu yenyewe, iwake kwenye nyuzi 90 na kuzima kwenye 80 hivi, na taa ndogo kwenye dashibodi ili ujue pampu inapata umeme.